Uchambuzi wa kisa: Kodi sifuri ya Kansas, 2012–2017

Vyama vya Marekani vikianza kubishana juu ya kodi, jina la jimbo la Kansas, lililopunguza sana kodi mwaka 2012, halikosi kutajwa. Democrat hulitoa kama ushahidi kwamba kupunguza kodi huleta ufukara wa serikali. Republican hujibu kwamba jaribio lenyewe liliharibiwa njiani. Pande zote mbili huruka sehemu yenye mafunzo zaidi, nayo ni maandishi ya sheria: kipato gani kilisamehewa, pengo lilizibwa kwa fedha za nani, na kalenda ya bajeti iliwabana vipi waliokuwa madarakani. Kisa hiki kinataka kufuatwa dola kwa dola.

Sheria yenyewe

Tarehe 22 Mei 2012 Gavana Sam Brownback wa Republican alitia saini muswada HB 2117, uliopangwa kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2013. Kodi ya mapato ya watu binafsi ilikuwa na ngazi tatu: asilimia 3.5, 6.25 na 6.45. Zikabaki mbili, asilimia 3.0 kwa dola 15,000 za mwanzo (dola 30,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja) na asilimia 4.9 kwa kinachozidi hapo. Hilo peke yake lingekuwa punguzo kubwa la kawaida, la aina ambayo majimbo mengi yamewahi kulijaribu.

Kilichoitofautisha Kansas ni kifungu cha pili. Biashara nyingi za Marekani hazilipi kodi ya kampuni. Mfanyabiashara binafsi, ubia, kampuni za aina ya LLC (ambazo mwenyewe hawajibiki kwa madeni yote ya kampuni) na zile zinazoitwa za kundi S hazitozwi kama kampuni. Faida hupita hadi kwenye fomu ya kodi ya mwenye biashara, naye hutozwa kama mtu mwingine yeyote. Kansas iliamua kwamba faida hiyo, pamoja na kipato cha shamba, cha kupangisha na cha mrabaha, isitozwe kodi ya jimbo hata senti moja, bila kikomo cha kiasi. Kampuni za kawaida zenye hisa zikaendelea kulipa asilimia 4, na nyongeza ya asilimia 3 juu ya faida inayozidi dola 50,000.

Kwa hiyo kodi haikutegemea tena mtu amepata kiasi gani, bali kipato chake kinaitwaje. Chukua watu wawili wasio na ndoa, kila mmoja ana kipato cha kutozwa kodi cha dola 50,000. Wa kwanza ameajiriwa. Kabla ya sheria alilipa jimbo dola 2,752.50; mwaka 2013 alitakiwa kulipa dola 2,165, yaani nafuu ya dola 587.50. Wa pili anafanya kazi ileile kupitia LLC yake. Alikuwa akilipa dola 2,752.50 na sasa halipi chochote. Wanaweza kuwa wanakaa meza moja, wanamhudumia mteja mmoja. Jirani mwenye mshahara akigundua hilo, hatua yake inayofuata haihitaji utafiti kuikisia: atamwuliza mhasibu namna ya kulipwa kama mkandarasi.

Kulikuwa pia na kasoro iliyozungumzwa kidogo mno. Sheria ilipoiondoa faida kwenye hesabu, iliiondoa na hasara. Biashara changa kwa kawaida hupata hasara miaka ya mwanzo, na mwenyewe huikata hasara hiyo kwenye kipato chake kingine, labda mshahara wa mwenza wake. Kansas ilifuta makato hayo. Matokeo yake, mwenye biashara iliyokomaa na yenye faida nono alipata zawadi, na yule aliyekuwa anaanza, ambaye ndiye aliyetajwa sana kwenye hotuba, akaongezewa mzigo.

Ahadi ya ajira na hesabu yake

Hoja iliyouza muswada ilikuwa kwamba biashara ndogo ndizo zinazoajiri, na zikiachiwa fedha zao zitaajiri zaidi. Arthur Laffer, mchumi wa kambi ya punguzo la kodi tangu enzi za Ronald Reagan, alilipwa na jimbo dola 75,000 kama mshauri. Gavana aliandika kwamba punguzo hilo lingekuwa kama sindano ya adrenalini kwenye moyo wa uchumi wa Kansas, na kwenye mahojiano ya televisheni akaliita jaribio halisi.

Ipime ahadi hiyo kwa karatasi na kalamu. Nafuu ya dola 2,752.50 kwa mwaka ni kama dola 229 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa. Mtu wa saa 40 kwa wiki anagharimu dola 15,080 kwa mwaka kabla ya gharama nyingine za ajira. Nafuu hiyo haifiki hata sehemu moja ya tano ya mfanyakazi mmoja wa malipo ya chini kabisa. Ili msamaha peke yake ulipe mshahara huo mmoja, mwenye biashara angehitaji faida ya kutozwa kodi ya karibu dola 241,000 kwa mwaka. Biashara nyingi zinazopitisha faida kwa wenyewe hazikaribii kiwango hicho. Nyingi ni za mtu mmoja asiye na mwajiriwa hata mmoja.

Na kuna jambo la msingi zaidi. Mshahara wa mfanyakazi ulikuwa tayari unakatwa kama gharama kabla faida haijatozwa kodi, kwa hiyo kodi ya mapato haikuwa ikiugusa mshahara wenyewe. Mwenye duka huajiri pale wateja wanapozidi mikono aliyonayo. Kumwongezea kinachobaki mfukoni mwisho wa mwaka hakumletei mteja mlangoni. Kodi ya chini inaweza kusaidia uwekezaji kwa muda mrefu, na wachumi wana ubishi wa haki kuhusu ukubwa wa athari hiyo, ila kuitarajia ijaze pengo la bajeti ndani ya mwaka mmoja au miwili ni kuidai kazi ambayo haikuwahi kuiweza.

Muswada ulivyopita

Mpango wa kwanza wa Brownback ulikuwa na vyanzo vya kufidia. Ungefuta makato ya riba ya mkopo wa nyumba na nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato cha chini, na ungebakiza kodi ya mauzo kwenye asilimia 6.3 badala ya kuiacha ishuke hadi asilimia 5.7 mwezi Julai 2013 kama ilivyokuwa imepangwa. Hayo yalikuwa na maumivu yake, hasa kwa maskini, lakini angalau hesabu ilijaribu kukaa sawa.

Bungeni mjini Topeka, makao makuu ya jimbo, vingi vya vyanzo hivyo viliondolewa na punguzo likabaki. Seneti iliukataa muswada, kisha ikaupitisha baada ya maseneta wa Republican wenye msimamo wa kati kuambiwa kwamba utatumika tu kama chombo cha kuendeleza mazungumzo na Baraza la Wawakilishi. Baraza likauchukua kama ulivyo na kuupeleka kwa gavana, naye akausaini. Miezi michache baadaye, kwenye kura za mchujo za Agosti 2012, kadhaa wa maseneta hao waliangushwa na wahafidhina wa chama chao wenyewe, akiwemo Rais wa Seneti Steve Morris. Ndiyo maana marekebisho yalichelewa sana: watu ambao wangeyadai hawakuwemo tena ukumbini.

Makadirio yalivyokosea

Wataalamu wa utafiti wa Bunge hawakudanganyika. Walikadiria kwamba sheria ingepunguza mapato kwa karibu dola milioni 231 katika mwaka wa fedha 2013, uliokuwa na nusu tu ya athari, na karibu dola milioni 803 mwaka 2014. Mwaka wa fedha wa Kansas huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mapato ya mfuko mkuu wa jimbo yalishuka kutoka takriban dola bilioni 6.34 mwaka 2013 hadi bilioni 5.65 mwaka 2014. Kodi ya mapato ya watu binafsi peke yake ilitoka kwenye bilioni 2.93 hadi bilioni 2.22.

Tafsiri ya anguko hilo ni hii. Kodi ya mapato ilipoteza karibu asilimia 24. Ili asilimia 76 iliyobaki irudi kuwa 100 kwa kukua kwa uchumi tu, kipato kinachotozwa kingepaswa kuongezeka kwa karibu asilimia 32. Hakuna jimbo linalokua hivyo kwa mwaka mmoja, wala miwili.

Lakini si anguko lote lilitokana na sheria, na hapa watetezi wa gavana wana hoja ya kweli. Kodi ya shirikisho juu ya faida ya mauzo ya mali ilipanda tarehe 1 Januari 2013, kwa hiyo matajiri kote nchini waliharakisha kuuza hisa mwishoni mwa 2012. Aprili 2013 majimbo yakavuna kuliko kawaida. Aprili 2014 yakavuna pungufu. Kansas ilikumbwa na wimbi hilo kama wengine. Tofauti ni kwamba wengine walikuwa na pa kuegemea. Kansas ilifunga mwaka wa fedha 2014 ikiwa dola milioni 338 chini ya makadirio yake rasmi ya kodi.

Makadirio hayo hutolewa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Novemba, na kikundi cha pamoja cha ofisi ya bajeti, idara ya mapato, watafiti wa Bunge na wachumi wa vyuo vikuu vya jimbo. Utaratibu huo ni mzuri na ulikuwa umeheshimika kwa miaka mingi. Kilichouvuruga ni tabia ya walipa kodi, isiyo na historia ya kupimia. Ilitarajiwa kwamba biashara 191,000 zingeutumia msamaha. Waliotumia wakazidi 330,000. Serikali ikawa inatangaza idadi ya kampuni mpya zilizosajiliwa kama dalili ya mafanikio, bila kutenganisha duka jipya lililofunguliwa na mtu yuleyule aliyejibadilisha jina la malipo. Watafiti wa uchumi waliochambua baadaye takwimu za fomu za kodi za shirikisho walikuta kwamba mabadiliko makubwa yalikuwa ya kuhamisha kipato kutoka kundi moja kwenda jingine, si uwekezaji mpya wala ajira mpya.

Pengo lilizibwa kwa fedha za nani

Serikali ya shirikisho inaweza kukopa mwaka hadi mwaka kugharimia matumizi yake. Jimbo la Kansas haliruhusiwi. Bajeti yake lazima isimame. Kwa hiyo kila dola iliyokosekana ilibidi itoke mahali fulani, na hapa ndipo kisa kinapouma.

Iliyoanza kuliwa ni akiba. Mfuko mkuu ulifunga mwaka wa fedha 2013 ukiwa na salio la karibu dola milioni 709. Mwaka uliofuata lilibaki kama milioni 380, na mwaka 2015 likawa chini ya milioni 80. Sheria ya jimbo inataka salio la asilimia 7.5 ya matumizi. Bunge likawa linaisimamisha kanuni hiyo.

Barabara ndizo zilizofuata. Fedha za idara ya usafirishaji zilihamishiwa mfuko mkuu mara kwa mara, hadi jumla ikapita dola bilioni 2 kwa miaka hiyo. Watu wa Topeka waliiita idara hiyo benki. Barabara isiyokarabatiwa haipigi kelele mwaka wa kwanza, ndiyo maana kila serikali iliyobanwa huikimbilia. Lami hupasuka, maji huingia, na kazi ya kuweka tabaka jipya juu hugeuka kuwa kazi ya kuchimba hadi chini, yenye gharama mara kadhaa.

Pensheni ya watumishi wa umma ilipata pigo la namna nyingine. Mwaka 2015 jimbo liliuza hati fungani za dola bilioni 1 na kuziweka kwenye mfuko wa pensheni, kwa matumaini kwamba faida ya uwekezaji ingezidi riba. Mwaka 2016 likaahirisha mchango wake wa karibu dola milioni 97. Kuahirisha mchango wa pensheni ni kukopa kwa mwalimu mstaafu bila kumwomba, na deni la namna hiyo halionekani kwenye sentensi inayosema bajeti imesimama.

Shule huchukua karibu nusu ya mfuko mkuu, hivyo haiwezekani kubana bila kuzigusa. Mwaka 2015 Bunge lilifuta kanuni ya ugawaji iliyofuata idadi na mahitaji ya wanafunzi, likaweka ruzuku ya mkupuo. Wilaya mbili za shule, Concordia na Twin Valley, zilifunga muhula mapema mwaka huo kwa uhaba wa fedha. Katiba ya Kansas inalazimisha Bunge kuzigharimia shule ipasavyo, na kesi ya Gannon, iliyofunguliwa mwaka 2010, iliendelea kurudi mahakamani. Tarehe 2 Machi 2017 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba fedha hazitoshi na ikaweka ukomo wa tarehe 30 Juni.

Kodi nyingine nazo zilipanda. Mwaka 2013 kodi ya mauzo iliwekwa asilimia 6.15 badala ya kushuka hadi 5.7. Mwaka 2015, baada ya kikao kirefu kuliko vyote vilivyotangulia katika historia ya Bunge hilo, ikapandishwa hadi 6.5, na kodi ya pakiti ya sigara ikatoka senti 79 hadi dola 1.29. Kodi ya mauzo ya Kansas ilitozwa kikamilifu kwenye chakula. Wakati huohuo wapangaji wa kipato cha chini walikuwa wamepoteza marejesho waliyokuwa wakipewa. Mtu anayetumia kipato chake chote kununua unga, maziwa na sabuni hulipa kodi ya mauzo karibu juu ya kila dola aliyonayo. Mwenye kubaki na akiba hailipi juu ya akiba hiyo. Kodi haikupungua Kansas kwa wote. Kwa sehemu kubwa ilihamishwa, kutoka faida ya biashara kwenda kwenye kapu la sokoni.

Wakopeshaji waliliona. Kati ya kampuni zinazopima uwezo wa kulipa madeni, mwaka 2014 Moody's ilishusha daraja la jimbo kutoka Aa1 hadi Aa2, na S&P ikalishusha kutoka AA+ hadi AA; mwaka 2016 S&P ikashusha tena hadi AA-.

Nani ana haki katika ubishi

Ukuaji wa ajira Kansas ulibaki nyuma ya wastani wa nchi katika miaka ya msamaha. Watetezi wanasema kilimo na mafuta viliporomoka: bei ya pipa ilitoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 50 mapema 2015, na bei za nafaka zilishuka. Tena Boeing ilikuwa imetangaza Januari 2012, kabla ya sheria, kwamba itafunga kiwanda chake cha Wichita, humohumo Kansas. Yote hayo ni kweli na mchambuzi mwaminifu hayafuti. Lakini Nebraska, jirani anayeishi kwa mahindi na ng'ombe, ilikumbwa na bei zilezile za nafaka na bado ilikua haraka zaidi bila msamaha kama huo. Yanayoweza kusemwa kwa uhakika ni mawili: msamaha haukuleta ukuaji ulioahidiwa, na hata kama ungeleta wote, usingejaza pengo.

Wale wanaosema kosa lilikuwa kutopunguza matumizi wanasema nusu ya ukweli. Shule zikichukua nusu ya mfuko, zikiwa zinalindwa na katiba, na sehemu kubwa ya nusu nyingine ikienda kwenye matibabu ya maskini, magereza na pensheni, punguzo la zaidi ya asilimia 10 ya mapato lingehitaji kutajwa waziwazi nani atafungiwa nini. Hakuna aliyekwenda kwa wapiga kura na orodha hiyo. Punguzo la kodi lisilo na orodha ya matumizi yatakayofutwa ni mkopo ambao aliyedhamini hajaambiwa.

Upande wa pili nao hupita kiasi wanapodai Kansas imethibitisha kwamba kila punguzo hufeli. North Carolina ilipunguza kodi mwaka 2013, ikawa na kiwango kimoja cha asilimia 5.8 mwaka 2014 na 5.75 mwaka 2015. Lakini ilipanua wigo wa kodi, ilifunga nafuu nyingi, na punguzo la baadaye la kodi ya kampuni ililifunga na masharti: lisiteremke mpaka mapato yafikie kiwango kilichotajwa. Zaidi ya yote, sheria hiyohiyo ilifuta msamaha wa dola 50,000 kwa faida ya biashara ambao jimbo hilo lilikuwa nao. Yaani ilitoka kwenye njia ambayo Kansas ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Hata Tax Foundation, taasisi inayopenda viwango vya chini vya kodi, iliukosoa msamaha wa Kansas kwa sababu hiyohiyo ya kupendelea jina la kipato.

Kurudi nyuma

Brownback alishinda tena Novemba 2014 kwa tofauti ndogo. Mabadiliko yalikuja 2016, pale Republican wa msimamo wa kati walipowaangusha wahafidhina kadhaa kwenye mchujo, na Democrat wakaongeza viti. Januari 2017 gavana bado alipendekeza kuuza mapato ya baadaye ya fidia ya kampuni za tumbaku ili kuziba pengo. Bunge lilichoka.

Februari lilipitisha muswada wa kufuta msamaha. Gavana akautia kura ya turufu tarehe 22. Baraza la Wawakilishi liliitengua kwa kura 85 dhidi ya 40, lakini Seneti ilipata 24 tu kati ya 27 zilizohitajika. Mei na Juni, ukomo wa mahakama ukikaribia, muswada SB 30, nao wa kufuta msamaha, ulipita. Gavana akaupinga tena tarehe 6 Juni, na siku hiyohiyo Seneti ikamshinda kwa 27 dhidi ya 13, kura kamili zilizohitajika bila ya ziada, na Baraza kwa 88 dhidi ya 31. Republican wengi walikuwemo kwenye kura hizo dhidi ya gavana wa chama chao.

Msamaha ulifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2017, ngazi tatu zikarudi, na kufikia 2018 viwango vikawa asilimia 3.1, 5.25 na 5.7, chini kidogo ya vile vya kabla ya 2012. Makato ya hasara nayo yakarudi. Kwa kuwa sheria ilirudi nyuma miezi mitano, waliokuwa hawajakatwa kodi ya kutosha walipewa hadi tarehe 17 Aprili 2018 kulipa bila adhabu.

Kodi ya mauzo ya asilimia 6.5 haikuguswa. Iliyopandishwa mwaka 2015 kufidia msamaha iliendelea kutozwa baada ya msamaha wenyewe kufa, kwenye chakula pia. Sheria ya kuiondoa kwenye chakula ilisainiwa 2022 na Gavana Laura Kelly wa Democrat, ikaishusha hatua kwa hatua: asilimia 4 mwaka 2023, asilimia 2 mwaka 2024, na sifuri tarehe 1 Januari 2025. Wenye biashara walikaa miaka minne bila kulipa kodi ya mapato ya jimbo. Wanunuzi wa mkate walilipa kiwango kilichopandishwa cha asilimia 6.5 kwa zaidi ya miaka saba.